Bastola Ndogo za Maumbo ya Ajabu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mwishoni mwa mwaka 2014 kampuni ya Taurus ilitangaza bastola iliyoitwa Curve, ambayo mwili wake umepinda ili ulalie nyonga ya mbebaji, haina alama za kawaida za kulengea, na chini ya mtutu wake imepachikwa taa pamoja na leza. Wapenzi wa silaha nchini Marekani, ambako raia wengi hubeba bastola chini ya nguo kwa mujibu wa sheria, waligawanyika: kuna walioiona kuwa mapinduzi, na kuna walioiona kuwa kichekesho. Nadhani pande zote mbili zilikosea jambo lilelile, kwa kuwa zililihukumu umbo bila kuuliza lilikuwa jibu la swali gani. Dhana nyingi potofu kuhusu bastola za aina hii zina mzizi huo.

Dhana: Maumbo ya ajabu ni mambo ya siku hizi

Miaka zaidi ya 130 kabla ya Curve, mnamo 1882, Mfaransa Jacques Turbiaux alipata hataza ya bastola isiyo na mpini kabisa. Ilikuwa kisahani cha chuma kilichofichika kiganjani, mtutu wake mfupi ukichomoza katikati ya vidole. Risasi zilipangwa ndani yake kama spoki za gurudumu, na mpigaji alifyatua kwa kufumba ngumi tu. Baadaye ilitengenezwa pia Marekani, Minneapolis kwanza na kisha Chicago.

Ujerumani ya miaka ya 1920 nayo ilikuwa na Lignose Einhand, na jina hilo la pili maana yake ni mkono mmoja. Katika bastola ya kawaida, mpigaji hushika mpini kwa mkono huu na kuivuta slaidi, yaani kile kifuniko cha chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, kwa mkono mwingine, ili risasi ya kwanza iingie chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia. Katika Lignose, kidole cha shahada kilivuta sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio, na kikingio kikairudisha slaidi nyuma, hivyo mkono wa pili ukabaki huru. Mtu akiambiwa leo kwamba wazo hilo ni jipya ataamini bila shida.

Dhana: Lincoln aliuawa kwa bastola ya mitutu miwili

Picha hii imeganda vichwani kwa sababu bastola ndogo iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Remington yenye mitutu miwili iliyobebana, iliyotengenezwa kuanzia 1866 hadi 1935. Hesabu ya miaka peke yake inatosha kuivunja dhana hii: Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi tarehe 14 Aprili 1865. Silaha ya muuaji wake, John Wilkes Booth, ilitoka kwa Henry Deringer wa Philadelphia, nayo ilikuwa na mtutu mmoja uliojazwa kwa mdomoni na kufyatua mara moja tu. Ndiyo maana Booth, baada ya kufyatua, aliitupa na kumgeukia kwa kisu Meja Rathbone, aliyekuwa ameketi pamoja na Lincoln.

Dhana: Ni mbwembwe za wabunifu wanaotaka kuonekana

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utamu wa somo lenyewe. Mbunifu wa bastola ndogo hupigania milimita. Mtutu ukifupishwa, baruti hukosa nafasi ya kuisukuma risasi vya kutosha na mwendo wake hupungua. Mtutu ukirefushwa, bastola haifichiki tena. Katika bastola ya kawaida kasha la risasi limo ndani ya mpini na chemba iko mbele yake, kwa sababu slaidi huisukuma risasi mbele tu, kutoka kwenye kasha kuingia chemba. Sehemu ya juu ya mpini kwa hiyo haina mtutu, na urefu huo hauisaidii risasi kwa lolote.

Arne Boberg wa jimbo la Minnesota aliligeuza jambo hilo. Katika bastola yake ya XR9, slaidi inaporudi nyuma, vidole viwili vya chuma huikamata risasi kitakoni na kuichomoa kwenye kasha kwa kuivuta nyuma. Kisha risasi huinuliwa, na slaidi inaporudi mbele huisukuma ndani ya chemba. Kwa ujanja huo chemba inaweza kukaa juu ya kasha badala ya kukaa mbele yake. Matokeo yanapimika: bastola yenye urefu wa milimita 130 hivi ina mtutu wa milimita 85. Curve, ambayo kwa urefu inakaribia kuwa sawa nayo, ina mtutu wa milimita 64 hivi, na risasi yake ni dhaifu zaidi. Ujanja huo una gharama yake, kwani kichwa cha risasi ambacho ganda lake, yaani kikopo kinachobeba baruti, halikukibana sawasawa huweza kung'oka risasi inapovutwa nyuma kwa nguvu, na kwa hiyo si kila aina ya risasi inafaa. Bond Arms ya Texas ilichukua ubunifu huo na kuuita Bullpup9.

Mfano wa pili ni Rhino ya Chiappa, bastola ya Kitaliano yenye silinda, yaani ngoma inayozunguka yenye matundu ya risasi, iliyobuniwa na Emilio Ghisoni. Mtutu wake umepangwa na tundu la chini la silinda, si la juu kama ilivyo katika bastola nyingi za jamii hiyo, na anayeiona kwanza hudhani imeunganishwa kinyume. Sababu ni ya kifizikia: mtutu ukikaa juu sana ya mkono, kila risasi inayotoka huinua mdomo wa bastola; mtutu ukishuka na kukaribia usawa wa kiganja, msukumo hurudi moja kwa moja kwenye mkono. Hata silinda yake yenye pande sita bapa ina kazi, kwa kuwa pande hizo hupunguza unene wa kitu kinachotakiwa kulala mwilini bila kutuna.

Dhana: Ndogo ni rahisi kutumia, hasa kwa asiye na nguvu

Kwa maoni yangu huu ndio upotofu unaodhuru kuliko yote. Risasi ileile ikifyatuliwa katika bastola nyepesi humpiga mpigaji teke kali zaidi, kwa sababu uzito wa kuumeza msukumo haupo. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho kikielea. Alama za kulengea zikikaribiana, kosa dogo la macho huwa kosa kubwa kwenye shabaha.

Kisha kuna suala la springi. Bastola nyingi ndogo hutegemea uzito wa slaidi na ukakamavu wa springi peke yake kuizuia slaidi isifunguke mapema. Slaidi ikifanywa nyepesi, springi lazima iwe ngumu, na mwenye vidole vyenye baridi yabisi hushindwa kuivuta. Ni kwa ajili ya tatizo hilo Beretta 950, ambayo ni ya miaka ya 1950, ina mtutu unaobinuka juu kwa wenzo, ukapokea risasi moja bila mpigaji kuigusa slaidi. Le Français ya Saint-Étienne ilikuwa imefanya hivyo miongo kadhaa kabla yake. Zote mbili hazina kile kijino cha kuchomoa ganda. Nguvu ya gesi hulitoa lenyewe, na risasi ikigoma kulipuka mpigaji hana budi kuubinua mtutu. George Kellgren alipita njia nyingine katika Kel-Tec P-32 ya mwaka 1999: alifunga mtutu na slaidi pamoja kwa muda mfupi wakati wa mlipuko, kama ifanywavyo katika bastola kubwa, na silaha ikawa na uzito usiofika gramu 200 bila risasi.

Dhana: Bastola isiyo na alama za kulengea haijakamilika

Seecamp ya Marekani ilitengenezwa hivyo makusudi: juu yake ni laini, hakuna kinachonasa kwenye kitambaa inapotoka mfukoni, na ilikusudiwa umbali wa hatua chache tu. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kuuita usahaulifu.

Dhana: Sura ya bastola huamuliwa na mhandisi peke yake

Curve inakanusha hili kwa mwili wa mteja, kwani mkunjo wake umefuata nyonga ya kulia, na mwenye kutumia mkono wa kushoto hana faida nao. Sheria nayo hukanusha kwa nguvu zaidi. Tangu 1934 silaha zilizojificha katika sura ya kalamu au bakora zimo katika kundi la pekee la sheria ya shirikisho ya Marekani, na lazima zisajiliwe. Curve, ambayo inajificha chini ya shati lakini haijifanyi kuwa kitu kingine, haimo humo. Sheria ya mwaka 1968 ikaongeza masharti ya vipimo kwa bastola zinazotoka nje ya nchi, na Walther PPK ya Ujerumani ikaonekana kuwa fupi mno kwa kimo. Watengenezaji wake hawakubuni chochote kipya: walichukua mwili wa Walther PP, ulio mrefu zaidi mpinini, wakaufunika kwa slaidi na mtutu wa PPK, na PPK/S iliyozaliwa hapo ikapita kwa milimita chache, ikiwa na nafasi ya risasi moja zaidi kuliko ile iliyokataliwa.