Usasa si Upya

Majuzi, kwenye ufunguzi wa maonyesho ya picha, mshereheshaji alimkaribisha jukwaani kijana aliyemaliza chuo mwaka huu: "mchoraji wetu wa usasa." Baadaye nilipomtajia mshereheshaji huyo Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyeufungulia usasa njia, alicheka. Huyo si wa kale? Si alikufa 1906?

Usasa ni vuguvugu la sanaa lililoanza Ulaya karne ya 19 ikielekea ukingoni, wachoraji walipochoka kuiga kila jicho linachokiona. Basi.

Kinachonikera ni viambishi. Ki- ya "kisasa" ni ile ya kitoto na kizungu, inataja namna. Jiko la kisasa leo, kesho kutwa limepitwa. U- ya "usasa" inakaa na ujamaa na ukoloni: inataja jambo lenye wakati wake na watu wake, nalo halihami kila mwaka kufuata kalenda. Wazungu nao walijitakia: neno lao, modernism, linatokana na Kilatini modo, yaani "sasa hivi." Vuguvugu ukiliita hivyo, litazeeka na jina lake, kama babu ambaye mtaa mzima bado unamwita Kadogo.

Cézanne, mtoto wa mwenye benki huko Aix-en-Provence, aliacha sheria akaenda Paris 1861. Maonyesho rasmi, Salon, yakamkataa mara kwa mara. Alipopata maonyesho yake mwenyewe ya kwanza, 1895, alikuwa na miaka 56. Itazame picha yake ya kikapu cha matufaha iliyoko Chicago. Ukingo wa meza unazama chini ya kitambaa, ukiibukia upande wa pili haulingani na ulipozamia. Chupa imelalia upande. Seremala angerudishiwa meza hiyo siku hiyohiyo! Lakini Cézanne hakukosea: kila kitu kilikaa pale picha ilipokitaka, si pale meza ilipokiweka. Wachoraji Picasso na Braque walilishika somo hilo, likawafikisha kwenye kubizimu, mtindo wa kuvigawa vitu vipande vyenye pembe na kuvionyesha kutoka pande kadhaa kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu mshereheshaji, kijana wako mwite mchoraji wa leo, inamtosha. Daladala yake niliipenda. Aliichora sawasawa na ilivyo barabarani, hadi ufa wa kioo na kutu ya bampa, kila mstari ukikutana na mwenzake.