Jibu la Mheshimiwa Lisomwe Kifungu kwa Kifungu

Mwezi wa Juni 2024, simu za wabunge wa Kenya hazikutulia. Vijana walikuwa wamesambaza nambari zao mtandaoni, na ujumbe uliomiminika ulibeba ombi lilelile: Mheshimiwa, ukatae Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya. Wapo wabunge waliolalamika kwamba wanasumbuliwa, na wapo waliotangaza kwenye kurasa zao namna watakavyopiga kura. Kwetu sisi tunaofuatilia shughuli za Bunge, majibu hayo yote, makali kwa mapole, yana uzito mdogo kuliko maneno yaliyomo ndani ya mswada wenyewe, na huko ndiko ninakomwomba msomaji aelekeze macho.

Tarehe 18 Juni, maandamano yalipokuwa yakianza jijini Nairobi, Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ilitangaza kuwa imeyasikia malalamiko. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ikafuata. Kwa familia inayonunua mkate kila asubuhi, huo haukuwa ushindi mdogo. Hata hivyo, aliyeushika mswada mkononi na kuufuatisha kwa kidole aliona kwamba ushuru wa mazingira haukufutwa, bali ulibakizwa kwa bidhaa zilizokamilika zinazoagizwa kutoka nje. Ndivyo wanasiasa wengi wanavyojibu shinikizo la umma: huachia kifungu kinachopigiwa kelele zaidi, nacho kisichojulikana sana hupita kimyakimya.

Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono mswada huo na 106 wakaupinga. Siku hiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi, jambo ambalo hatupaswi kulitaja harakaharaka. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia saini. Tarehe 5 Julai alizungumza moja kwa moja na vijana katika mtandao wa X, na tarehe 11 akawafuta kazi karibu mawaziri wote, ingawa kadhaa kati yao waliteuliwa tena kabla ya mwezi huo kuisha.

Linaloniuma ni kuona hoja nzito za kodi, zenye hesabu kamili, zikiishia kwenye simu tu. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kwa hiyo hoja hiyohiyo uliyoichapisha mtandaoni, iandike upya kwa kutaja nambari ya kifungu unachokipinga, eleza maneno unayotaka yawekwe mahali pake, kisha uipeleke kwa Karani wa Bunge kabla ya siku ya mwisho inayotangazwa. Ikishapokelewa, kamati haiwezi kudai kwamba haikuiona.

Mswada ukiondolewa, usiitupe nakala yako. Desemba 2024 sheria ya marekebisho ya kodi ilirudisha baadhi ya mapendekezo ya Juni, ikiwemo kodi kwa kampuni za kigeni zinazopata mapato nchini kupitia intaneti. Kodi hiyo huenda ina sababu nzuri, lakini aliyeitambua mapema ni yule aliyeziweka karatasi mbili, ya mswada wa Juni na ya sheria ya Desemba, ubavu kwa ubavu na kuzilinganisha mstari kwa mstari.