Kikao chako cha kwanza cha kuacha pombe

Wagonjwa wengi ninaowahudumia katika kitengo chetu cha tiba ya uraibu hawaniulizi kama vikundi vya kusaidiana vinafaa. Huuliza jingine: "Nikifika pale nitasema nini?" Mmoja alinisimulia kwamba mara tatu alifika hadi mlangoni, akasikia watu wanacheka ndani, akageuza. Alidhani wanaoacha pombe hukaa wakilia. Mara ya nne alimkuta mwenye zamu ya kupanga viti amesimama nje, wakasalimiana, wakaingia pamoja. Nawaandikia nyinyi ambao bado mko nje ya mlango huo.

Kabla ya yote, tahadhari. Kama unakunywa kila siku, na ukiamka mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla peke yako. Muone daktari kwanza. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa hatari siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo huua, na hospitali ina dawa za kukuvusha. Kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Vyote viwili huenda sambamba.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, yaani AA. Kilianzia Akron, Ohio, nchini Marekani, Mei 1935, pale mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alipokutana na daktari mpasuaji aliyekuwa angali anakunywa. Daktari alikubali kumsikiliza kwa dakika 15 tu, wakaishia kukaa kwa saa kadhaa. Elimu ya tiba daktari yule alikuwa nayo tele na haikumsaidia. Siku ile alikuwa mbele ya mtu aliyepita humo humo alimokuwa yeye.

Kupata kikao si kazi kubwa. Tovuti rasmi ya AA huonyesha mahali pa kuwasiliana na AA katika nchi nyingi, na wahudumu wa kliniki za afya ya akili kwa kawaida huwa na orodha. Vingi hufanyika katika kumbi za kuazima, mara nyingi za nyumba za ibada, hivyo usishangae ukielekezwa huko. Haimaanishi umejiunga na dini. Uliza jambo moja: kikao ni cha wazi, au ni cha wenye tatizo la pombe pekee? Cha wazi unaweza kwenda na ndugu au rafiki, na kwa siku ya kwanza ndicho ninachopendekeza. Vipo pia vya mtandaoni, na kwa anayeishi mbali ni msaada wa kweli, ingawa mimi bado napenda mtu apate hata mara chache kukaa ana kwa ana na wenzake.

Hakuna ada. Kikapu cha mchango hupitishwa, na mgeni hatazamiwi kutoa chochote. Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha kunywa. Nia, jamani. Hukuambiwa uje ukiwa umeshaacha. Kama ulikunywa jana, nenda. Hata kama umekunywa leo, kaa kimya usikilize.

Kikao huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Hufunguliwa kwa maneno mafupi, pengine husomwa Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa AA wa kupona, wenye lugha ya kiroho, kisha mmoja mmoja hueleza yaliyomkuta. Hakuna anayemkatiza mwenzake wala kumpa mawaidha. Hutajwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa mle hayatoki nje. Zamu ikikufikia, sema, "Leo nasikiliza tu," nayo itaenda kwa mwingine. Ila nakuomba usitoroke kikao kinapofungwa. Dakika kumi zile, watu wakiwa wanakusanya viti, ndipo utaandikiwa namba ya simu ya mtu wa kumpigia usiku kiu ikikushika. Baadaye utaweza kumwomba mzoefu mmoja awe mdhamini wako, akushike mkono hatua kwa hatua.

Je, inasaidia? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kuwa programu zenye utaratibu maalumu wa kuwaunganisha wagonjwa na AA ziliwaacha asilimia 42 wakiwa hawanywi kabisa baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 35 kwa tiba nyingine kama ushauri wa kubadili fikra na tabia. Si muujiza, lakini kwa huduma isiyo na malipo ni jambo kubwa.

Wapo wasioafikiana na lugha ya kiroho ya AA. Kikundi cha SMART Recovery, kilichoanza 1994, hufundisha mbinu za kukabili hamu na mawazo, na Women for Sobriety ni ya wanawake tangu 1975. Vyovyote iwavyo, usihukumu kwa kikao kimoja. Nenda angalau sita, ikiwezekana katika vikundi tofauti, kwa maana kila kimoja kina watu wake.

Na wewe mke, mume au mzazi ambaye mnywaji wako amegoma kwenda: Al-Anon, iliyoundwa 1951, ni ya kwenu, nayo Alateen ni ya vijana wenye mlevi nyumbani. Huko hutaulizwa kama yeye ameacha. Unaweza kuanza wiki hii, hata kama yeye bado anakunywa.