Nahau za Kiingereza: maana peke yake haitoshi

Nahau ni fungu la maneno lenye maana isiyopatikana kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Msemaji wa Kiswahili akisikia fulani amepata jiko, hatafuti jiko. Anajua kwamba ameoa. Kiingereza nacho kimejaa mafungu ya namna hiyo, na maana zake zimo katika kila kamusi. Kinachomwangusha mwanafunzi ni kuibeba maana ile fupi bila uzito wake: nahau inasemwa kwa nani, katika hali gani, na ni neno lipi ndani yake lisiloguswa.

Chukua "kick the bucket". Neno kwa neno ni kuipiga ndoo teke. Maana yake ni kufa. Aliyeishia hapo anaweza kuiandika katika salamu za rambirambi, na atawaumiza wafiwa. Ni kauli ya mzaha, jirani ya "kukata kamba", si ya "kuaga dunia". Kwa mfiwa husemwa "pass away". Nahau hii ina umri mkubwa: imo katika kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, iliyochapishwa London mwaka 1785.

Hiyohiyo inafundisha habari ya umbo. Unaruhusiwa kubadili wakati, "kicked the bucket", basi. Ukisema "kick a bucket", au ukaweka "pail" ambalo nalo ni ndoo, au ukageuza sentensi iwe ya kutendwa, "the bucket was kicked", kifo kinatoweka na ndoo inabaki ndoo. Sasa ilinganishe na "spill the beans", yaani kutoboa siri. Hii inakubali kutendwa: "the beans were spilled" bado ni siri iliyotoka. Tofauti inatokana na jinsi maana inavyogawanyika. Maharagwe yanasimama badala ya siri, kumwaga badala ya kufichua. Kila kipande kina kazi yake, kwa hiyo unaweza kuvisogeza. Katika ile ya ndoo, hakuna sehemu ya kifo inayowakilishwa na ndoo. Kipimo hiki kinasaidia sana: nahau ambayo maana yake haigawanyiki vipande, iache kama ulivyoikuta. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kina ndugu wa karibu kabisa wa hiyo ya maharagwe: kumwaga mtama.

Kufanana kwa sura, hata hivyo, hudanganya. "Beat around the bush", kuzunguka kichaka, ni kuongea mengi pembeni bila kugusa jambo lenyewe. Mtu anaweza kukimbilia "kuzunguka mbuyu", nayo ni kutoa rushwa. Sema tu kuzungusha maneno. "Break the ice" nayo huchanganywa na kuvunja ukimya. Anayevunja ukimya amezungumzia hatimaye jambo alilokuwa amelinyamazia. "Break the ice" ni kuondoa ubaridi kati ya watu wasiozoeana, kwa swali jepesi au mchezo mfupi mwanzoni mwa kikao, ili waanze kuongea. Na "sit on the fence", kukaa juu ya uzio, ni kutochagua upande. Anayefanya hivyo si ndumilakuwili, kwa sababu ndumilakuwili hujipendekeza kote kuwili.

Kiwango kina umuhimu uleule. Aliye "under the weather" hajisikii vizuri: mafua, kichwa, uchovu wa kuumwaumwa. Kumsema hivyo mgonjwa mahututi ni kuupuuza ugonjwa wake. "Once in a blue moon" ni mara chache mno, lakini jambo hutokea. Kwa maana moja inayotumika sana, "blue moon", mwezi wa buluu, ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, na huja takriban kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu. Ukitaka kusema kwamba jambo halitatokea kamwe, ipo "when pigs fly", nguruwe watakaporuka angani.

"Bite the bullet" ni kupiga moyo konde na kukabili jambo chungu ambalo umekuwa ukiliahirisha: kumwambia mkubwa wako kwamba hesabu zina kosa, kwa mfano. Inahitaji uamuzi wa mara moja. Kuvumilia karaha inayoendelea bila kulalamika ni "grin and bear it". "A piece of cake" ni kazi rahisi, kama kumsukuma mlevi. Usimwambie mtu anayehangaika na kazi hiyohiyo, maana atasikia dharau. "Break a leg", vunja mguu, humtakia heri mtu anayekwenda jukwaani kuigiza au kuimba. Usimwambie anayekwenda kufanyiwa upasuaji.

Uingereza na Marekani hawakubaliani kila mahali. Mwingereza huona dhoruba ndani ya kikombe cha chai, "a storm in a teacup", pale ambapo Mmarekani huiona ndani ya birika, "a tempest in a teapot"; maana ni ileile, kelele kubwa kwa jambo dogo. Chagua upande mmoja na ubaki nao katika andiko lako.

Ukikutana na nahau mpya, andika sentensi nzima ulimoikuta, si nahau peke yake, na uandike aliyesema na aliyeambiwa. Kisha angalia kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, isome alama iliyo kando ya maana: "informal" ni ya mazungumzo ya kawaida, "humorous" ni ya mzaha, "old-fashioned" ni ya zamani. Alama hiyo ya mwisho wengi huiruka. Ndiyo maana wanafunzi bado wanasema "it's raining cats and dogs" kila mvua ikinyesha kwa nguvu, kwa kuwa vitabu vya shule vinaipenda, ilhali katika mazungumzo ya kila siku utasikia zaidi "it's pouring".