Je, wajua kidole tumbo kinaweza kukutwa ndani ya ngiri?

Mjomba wangu alisukuma mkokoteni Kariakoo kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo alikuwa na uvimbe kwenye kinena cha kulia. Akiinua mzigo unajitokeza, akilala chali unarudi wenyewe. Nyumbani Mbagala kila mtu aliuita busha, maana huku Pwani uvimbe wowote wa sehemu zile ni busha tu. Siku alipokubali kwenda hospitali, daktari alizima taa ya chumba, akaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe na kuiwasha. Busha ni maji, kwa hiyo mwanga hupenya na ngozi hung'aa nyekundu, kama kidole ukikiweka juu ya tochi ya simu. Ule wa mjomba ulibaki giza. Ilikuwa ngiri, yaani kitu cha ndani ya tumbo kimepenya kwenye tundu la ukuta wa tumbo na kujitokeza chini ya ngozi.

Alipopasuliwa, daktari alitoka na habari ambayo hatukuitarajia: ndani ya ngiri hamkuwa na utumbo mwembamba kama ilivyozoeleka, mlikuwa na kidole tumbo. Mama akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo mdomoni: kidole tumbo si kipo tumboni, huko chini kilifikaje?

Njia yenyewe ilichongwa kabla mjomba hajazaliwa. Korodani za mtoto wa kiume haziumbikii chini. Huumbikia ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha kuelekea mwezi wa saba wa mimba huteremka kupitia kijia kilichopo kinenani. Zinaposhuka huambatana na kifuko cha ule utando laini unaofunika matumbo. Zikishafika, kijia hutakiwa kujifunga. Kwa baadhi ya watu hakijifungi sawasawa, na kwa wengine misuli ya hapo hulegea kwa umri, kwa kikohozi cha muda mrefu au kwa mizigo. Korodani ya kulia kwa kawaida ndiyo huchelewa kushuka, na upande huo ndio ngiri huwa nyingi zaidi. Sasa, kidole tumbo nacho kinaning'inia upande huohuo wa kulia, kwenye mwanzo wa utumbo mpana. Kikiwa kirefu kidogo, au utumbo kilikoshikamana ukiwa unachezacheza, kinaingia mlangoni. Hata hivyo si jambo la kila siku: katika wagonjwa 100 wa ngiri ya kinena huenda akapatikana mmoja, pengine hata huyo asifike.

Mara nyingi kinakaa humo kizima kabisa. Lakini mlango wa ngiri ni mwembamba, na mtu akikohoa au akijikamua misuli hukibana. Damu ikipungua kinavimba, kinaoza, kinatunga usaha.

Hapo ndipo watu hudanganyika. Utumbo wa kawaida ukinaswa ndani ya ngiri, chakula hakina pa kupita: mtu anatapika, tumbo linajaa, choo na hewa vinakatika. Kidole tumbo ni kama uchochoro usiotokea upande wa pili. Kikinaswa, njia kuu inabaki wazi. Mgonjwa anaweza kuendelea kupata choo huku kinena kimekuwa kigumu, chekundu, chenye maumivu makali na hakirudi tena ndani, naye anajipa moyo kwamba si jambo kubwa. Ni jambo kubwa, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Inaniuma kuona vibandiko kwenye nguzo za umeme mjini vikiahidi kumaliza ngiri kwa mizizi. Tundu la kwenye ukuta wa tumbo halizibwi kwa kunywa kitu.

Ultrasaundi au siti skani inaweza kukionyesha kidole tumbo mapema, lakini wengi hugundulika wakiwa tayari mezani, kisu kimeshafungua. Hali hii huitwa ngiri ya Amyand, kwa jina la Claudius Amyand, mpasuaji wa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1735, katika hospitali ya St George's mjini London, alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri ya kulia iliyokuwa ikivuja uchafu. Ndani alikuta kidole tumbo kilichotobolewa na pini ambayo mtoto aliimeza. Akakikata, na mtoto akapona. Dawa ya usingizi ilikuwa bado zaidi ya miaka 100 mbele. Ndiyo mara ya kwanza inayojulikana kwa kidole tumbo kutolewa na mgonjwa akaishi, na maradhi ya kuvimba kwa kidole tumbo yenyewe yalipewa jina mwaka 1886 tu, huko Marekani.

Anachofanya daktari leo kinategemea hali atakayoikuta, na mwongozo unaotumiwa sana ni ule wa wapasuaji Losanoff na Basson wa mwaka 2008. Kidole tumbo kikiwa na ugonjwa kinakatwa kupitia mkato uleule wa ngiri. Usaha ukiwa umeshasambaa, tumbo lenyewe linafunguliwa na kusafishwa.

Mvutano uko kwenye wavu. Ngiri ya mtu mzima kwa kawaida huzibwa kwa kipande cha wavu wa plastiki, kwa sababu misuli ikishonwa peke yake huachia tena mara nyingi zaidi. (Wavu huo ni ghali, na watafiti walijaribu Uganda wavu wa chandarua kisicho na dawa, uliochemshwa kwa mvuke hospitalini. Matokeo ya wanaume 302, yaliyotoka mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja haukuzidiwa na ule wa bei.) Ila wavu na usaha havikai pamoja. Vijidudu vikijificha kwenye nyuzi zake, kidonda hakikauki mpaka uje utolewe. Ndiyo maana kidole tumbo kikiwa kimeoza, wengi huziba ngiri kwa nyuzi za kawaida, wakijua kwamba huenda ikarudi.

Na kikiwa kizima? Wapasuaji wenyewe hawakubaliani. Kukikata ni kufungua mlango wa utumbo, wenye vijidudu tele, katikati ya upasuaji uliokuwa safi. Kukiacha ni kuacha kitu kinachoweza kuugua baadaye, hasa kwa kijana. Mjomba alikuwa na miaka 58. Chake kilikuwa cheupe na laini, daktari akakirudisha tumboni, akaweka wavu.

Ikitokea upande wa kushoto, jambo la nadra mno, wengi hukitoa hata kikiwa kizima. Huwa hivyo kwa mtu ambaye viungo vyake vimekaa kinyume, au utumbo wake unatembea kupita kiasi. Kikiachwa kisha kikaja kuvimba siku nyingine, mgonjwa atalalamika maumivu ya kushoto, na hakuna atakayefikiria kidole tumbo.