Kutembea kwa fimbo mbili: faida iko kwenye kusukuma

Kuna tofauti gani na matembezi ya kawaida?
Zoezi hili lilianzia Ufini, kwa wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji waliotaka kulinda nguvu zao majira ya joto. Fimbo maalumu zilianza kuuzwa huko mwaka 1997. Kila hatua unajisukuma kwa fimbo, kwa hiyo mabega, mgongo na misuli ya nyuma ya mkono hufanya kazi pamoja na miguu. Kwa mwendo uleule, mwili hutumia nishati zaidi, takriban asilimia 20. Anayebeba fimbo bila kusukuma hapati nyongeza hiyo.

Fimbo iwe na urefu gani?
Zidisha urefu wako kwa 0.68. Mwenye sentimita 165 atumie fimbo ya 112 hivi. Ikizidi, mabega hupanda na shingo huuma. Chagua yenye mkanda unaovaliwa kama glavu. Kwenye lami, visha ncha za fimbo vifuniko vya mpira. Kwenye njia za udongo za msitu wa Karura, Nairobi, vitoe, chuma cha ncha kishike ardhi.

Natembeaje?
Vaa mikanda, legeza mikono, acha fimbo ziburute nyuma yako kwa dakika tano. Mkono wa kulia utafuatana na mguu wa kushoto bila kulazimishwa. Kisha anza kushika. Choma fimbo ikiwa imelala kuelekea nyuma, isipite kisigino cha mguu wa mbele. Sukuma mpaka mkono upite nyonga, hapo fungua vidole. Mkanda utakurudishia fimbo.

Wengi hukosea hapo mwishoni: hukaza ngumi muda wote, kiganja kikachoka na msukumo ukakatika katikati. Wengine huchoma fimbo mbele ya mguu kama mkongojo, ikawa breki. Ukijikuta mkono na mguu wa upande mmoja vinaenda pamoja, usihesabu hatua, rudi kuburuta.

Mara ngapi kwa wiki?
Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani. Anza na dakika 20, mara tatu, uongeze taratibu. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo aliyefika jana kutoka Mombasa apunguze mwendo.

Mama ana presha na magoti yanamsumbua. Anaweza?
Mara nyingi ndiyo, baada ya kumwona daktari, na dawa asiache. Fimbo zitamsaidia kusimama imara kwenye mteremko au matope, ila asiahidiwe kwamba zitaponya magoti. Anayedunga insulini apime sukari kabla ya kutoka na abebe glukosi mfukoni. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikija, asimame na apelekwe hospitali mara moja, asirudi nyumbani kulala akingoja kipite.