Msuko na Hatua za Kisa katika Filamu ya Kutisha ya Mwendelezo

Msuko ni mpangilio wa matukio ya hadithi unaoyafungamanisha kwa sababu na matokeo. Kisa ni yale yaliyotokea. Msuko ni utaratibu aliouchagua mtunzi wa kutufikishia yaliyotokea, yaani kipi kitangulie, kipi kifichwe hadi baadaye na kipi kisisemwe kabisa. Msuko nao umejengwa kwa vipande vidogo zaidi, ambavyo ni hatua za kisa. Hatua hupimwa kwa badiliko linaloletwa, wala si kwa urefu wa muda. Onyesho la dakika kumi ambamo wahusika wanakimbia gizani huenda likawa na hatua moja tu, ilhali nusu dakika ambamo mtu anaukuta wazi mlango aliouacha umefungwa inaweza kubeba hatua mbili: ametambua kwamba hayuko peke yake, na ameamua ama kurudi nyuma ama kuingia.

Filamu ya kutisha ina mwendo wake maalumu wa hatua. Mwanafalsafa wa Marekani Noël Carroll, katika uchambuzi wake wa fani hii aliouchapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba hadithi nyingi za kutisha hupita katika hatua kuu nne. Kwanza zimwi huingia na kuanza kudhuru. Kisha mtu mmoja au kikundi kidogo hugundua kwamba lipo. Halafu waliogundua hulazimika kuwathibitishia wengine, ambao kwa kawaida ni wenye mamlaka na hawataki kuamini. Mwisho huja makabiliano. Kwa zimwi tunakusudia hapa tishio lolote, liwe muuaji, mzuka au kiumbe kisichojulikana. Si lazima hatua zote nne ziwepo, na watunzi huziunganisha au huziruka wanavyotaka, lakini ukiutazama mpangilio huo kwa makini utaona kwamba hatua mbili za katikati zinahusu kujua. Sehemu kubwa ya hofu hutokana na pengo lililopo kati ya anachokijua mtazamaji, anachokijua mhusika, na kile ambacho hakuna anayekijua.

Hapo ndipo filamu ya mwendelezo inapokabiliwa na tatizo ambalo filamu ya kwanza haikuwa nalo. Mtazamaji anaingia akiwa amekwisha kujua. Amekwisha kuona sura ya zimwi, anazifahamu tabia zake, na huenda anajua hata namna linavyouawa. Hatua ya ugunduzi, ambayo katika filamu ya kwanza ilichukua nusu ya muda na kuleta sehemu kubwa ya taharuki, sasa imebaki ganda tupu. Mtunzi akiirudia kama ilivyokuwa, mtazamaji atachoka kuwangoja wahusika wagundue jambo ambalo yeye alilijua kabla hajakaa kitini. Kwa hiyo msuko wa mwendelezo ni namna ya kumnyang'anya mtazamaji usalama alioupata kwa kujua. Tafsiri nyingine zinazotolewa, kwamba mwendelezo ni filamu ileile yenye vifo vingi zaidi na fedha nyingi zaidi, zinaeleza biashara ya filamu, hazielezi utunzi.

Hatua ya kwanza ya mwendelezo ni kuufungua upya mwisho uliokuwa umefungwa. Filamu iliyotangulia ilimwua zimwi au ilionekana kumwua, na mtunzi anadaiwa maelezo. Mwaka 1935 James Whale alipotoa Bride of Frankenstein, mwendelezo wa filamu yake ya mwaka 1931, alikuwa na kiumbe kilichoangamia ndani ya kinu cha upepo kilichoteketea kwa moto. Suluhisho lake lilikuwa maji yaliyokuwa chini ya kinu: kiumbe kilidondoka humo kikanusurika. Jambo la kuzingatia ni jinsi alivyolitumia suluhisho hilo. Mwanakijiji aliyekwenda kuyaona mabaki ya kiumbe kwa macho yake ili apate kulala usingizi ndiye anayekutana nacho akiwa wa kwanza, na anauawa. Kwa hatua hiyo moja filamu imeeleza kilichotokea, imeurudisha hatarini ulimwengu wa hadithi, na imemwambia mtazamaji kwamba kutaka uhakika ni jambo la hatari. Ufunguzi mbaya hufanya la kwanza tu kati ya hayo matatu.

Njia nyingine ya kufungua ni kumwondoa mtu ambaye mtazamaji alidhani amesalimika. Friday the 13th Part 2 ya mwaka 1981 humwua mapema manusura pekee wa filamu ya kwanza, kabla kisa kipya hakijaanza. Ukatili wa hatua hiyo una kazi ya kimuundo: ahadi iliyotolewa mwishoni mwa filamu iliyopita imefutwa, na tangu hapo hakuna mhusika anayeweza kutegemewa kufika mwisho. Lakini njia hii ina gharama yake. Ukishamwua anayejua, hadithi inaanza upya na watu wasiojua kitu, na mtazamaji anarudi palepale pa kuwangoja wagundue.

Ndiyo maana miendelezo iliyo imara zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayomweka hai manusura na kuyafanya maarifa yake kuwa mzigo. Mfano bora ni Aliens ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1986 kufuatia Alien ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Ripley, manusura wa filamu ya kwanza, anaokolewa baada ya kulala miaka 57 katika chombo chake cha angani. Anasimama mbele ya jopo la kampuni kueleza kilichowaua wenzake, na hakuna anayemwamini. Leseni yake ya urubani inasimamishwa. Mpaka hapo tuko katika hatua ya uthibitisho ya kawaida kabisa. Kinachoigeuza ni jambo analolisikia baada ya kikao: katika sayari ile alikokutana na kiumbe, sasa kuna makazi ya watu. Anauliza ni wangapi, na anajibiwa kwamba ni familia sitini, labda sabini. Neno linalomshtua ni familia. Jibu hilo halimpi mtazamaji habari yoyote mpya kuhusu kiumbe. Linabadilisha tu kiasi cha kitakachopotea, na linatolewa na mtu asiyejua amesema nini. Yule anayejua yuko mbali, wasiojua wako karibu na hatari, na katikati yao kuna mamlaka isiyosikia.

Filamu hiyo inaendelea kuyatumia maarifa ya mtazamaji kwa uvumilivu mkubwa. Askari waliotumwa wanazungumza kwa majivuno, na takriban saa nzima inapita kabla hawajakutana ana kwa ana na viumbe hao. Katika filamu iliyotuonyesha zimwi kwa mara ya kwanza, subira hiyo ingekuwa ya udadisi. Hapa ni ya huruma, kwa sababu tunaijua aibu inayowangoja watu wale na hatuna namna ya kuwaonya. Mtunzi hakuhitaji kutuficha kitu. Alihitaji kuwaweka mbele yetu watu ambao bado hawajui, kisha akamweka kati yao mmoja anayejua na asiyesikilizwa.

Hatua inayofuata, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kulipanua zimwi. Mtazamaji anataka kitu kipya, lakini kitu hicho kisivunje sheria ambazo filamu ya kwanza iliziweka. Upanuzi mzuri hutokana na swali lililokuwamo tayari katika filamu iliyotangulia bila kuulizwa. Alien ilionyesha mayai mengi ndani ya chombo kilichoachwa, lakini filamu hiyo kama ilivyofika kwenye majumba ya sinema haikusema yalitagwa na nani. Katika filamu ya pili Ripley anauliza swali hilo waziwazi, na jibu lake, malkia wa viumbe hao, linaonekana kuwa la lazima tangu siku ya kwanza. Mtazamaji anahisi kwamba angeweza kulijua kama angelifikiria, na hisia hiyo inamrudisha katika hali ya kutojua ambayo alidhani ameiacha nyuma.

Upanuzi dhaifu ni ule unaojibu swali ambalo fumbo lake ndilo lililokuwa nguvu ya filamu ya kwanza. Halloween ya John Carpenter ya mwaka 1978 ilitisha kwa sababu muuaji wake hakuwa na sababu: alimwona msichana, akamfuata. Halloween II ya mwaka 1981, inayoendelea usiku uleule na kuhamia hospitalini, ilifichua kwamba msichana huyo ni dada yake. Kwa upande wa msuko, ufichuzi huo unaleta mshikamano, maana sasa kila kifo kina mwelekeo. Kwa upande wa hofu unapunguza, kwa kuwa muuaji anayemtafuta dada yake hana haja na mtu mwingine yeyote, na mtazamaji anatoka nje ya orodha ya wanaowindwa. Si ajabu kwamba filamu ya mwaka 2018 yenye jina lilelile iliukana udugu huo na kuendelea moja kwa moja kutoka ile ya mwaka 1978.

Iko njia ya tatu, nayo ni kuacha kulikuza zimwi na badala yake kubadilisha swali. Psycho II ya mwaka 1983 inamwachia huru Norman Bates, muuaji wa filamu ya kwanza ya Psycho, baada ya miaka 22 ya matibabu. Tunajua alichokifanya, tusichokijua ni kama amepona, na kama mauaji yanayoanza tena ni yake au ya mtu anayetaka kumrudisha katika wazimu. Hofu imehama kutoka kwa wahanga ikaja kukaa juu ya yule aliyekuwa zimwi. A Quiet Place Part II nayo inaanzia kwenye ushindi wa filamu ya kwanza, ambayo ilimalizika kwa familia kugundua sauti inayowadhoofisha viumbe. Kwa kuwa silaha imekwisha kujulikana, swali linakuwa namna ya kuwafikishia watu wengine sauti hiyo, na hatua zote za msuko zinaelekea kwenye kituo cha redio. Ukitaka kupima kama mwendelezo una msuko wake wenyewe, jaribu kuliandika swali lake kuu katika sentensi moja. Likifanana na la filamu ya kwanza, filamu hiyo imeazima mifupa.

Katikati ya filamu kuna hatua ambayo haihitaji maneno mengi: mpango wa kwanza wa wahusika unashindwa. Hiyo ni ya kila fani ya filamu, na tofauti pekee katika mwendelezo ni kwamba mpango unaoshindwa kwa kawaida ni ule uliofaulu mara ya kwanza.

Makabiliano ya mwisho yana deni mbili. Yanapaswa kulipa kilichopandwa mapema ndani ya filamu hiyohiyo, na yanapaswa kumjibu mtazamaji anayeukumbuka mwisho uliopita. Katika Aliens, kabla ya askari kuteremka sayarini, Ripley anaomba kazi ya kufanya na anaonyesha kwamba anaweza kuendesha mtambo wa kubebea mizigo ambao mtu huuvaa mwilini. Askari wanacheka kwa kupendezwa, na onyesho linaonekana kuwa la kujenga tabia tu. Mwishoni anauvaa mtambo uleule kupigana na malkia. Malkia huyo amepanda chomboni kwa siri, kama kiumbe cha filamu ya kwanza kilivyojificha katika chombo cha kutorokea, na anatolewa nje kwa njia ileile ya mlango wa anga. Mtazamaji aliyeikumbuka filamu ya kwanza alipaswa kulitarajia hilo, lakini mlipuko mkubwa uliotangulia umemfanya aamini kwamba kisa kimekwisha. Kumbukumbu yake imetumika dhidi yake.

Baada ya hapo hubaki hatua ya kuacha mlango wazi kwa filamu nyingine, na hapa watunzi wengi huchanganya mambo mawili. Kuacha hatari ikiwa hai ni rahisi: mkono unachomoka kaburini, mwili haupatikani, jicho linafumbuka. Kuacha swali likiwa hai kunahitaji kuwe na jambo katika ulimwengu wa hadithi ambalo wahusika wamelipita bila kulielewa, kama yale mayai yaliyotagwa na kitu kisichoonekana. Filamu ya tatu inayorithi hatari peke yake italazimika kuanza kwa kueleza zimwi lilinusurikaje, ilhali inayorithi swali inaweza kuanza kwa kulijibu.